Sifa za Kazi ya Kaunti: Mzozo Huanzia Wapi na Huamuliwa Vipi

Tangazo la nafasi za kazi za kaunti likitoka, habari hufika Manyatta mapema. Saiba za Kondele na Kona Legio hujaa vijana wanaochapisha wasifu kazi, makundi ya WhatsApp husambaza picha ya tangazo, na wazazi hutoa vyeti vilivyohifadhiwa ndani ya mifuko ya nailoni. Wiki kadhaa baadaye orodha ya walioitwa kwa mahojiano hutolewa, na manung'uniko huanza. Huyu ana diploma na ameachwa. Yule hakusomea kazi hiyo na ameitwa. Mwingine ameambiwa umri wake umepita, ilhali tangazo halikutaja umri.

Malalamiko mengi ya aina hii huishia kwenye vibanda vya chai. Machache hufika mahakamani, na baadhi ya hayo hutupwa kabla ya hoja zake kusikilizwa kwa sababu mlalamishi aligonga mlango usiofaa au alichelewa. Anayeumia hapo ni mtu ambaye pengine alikuwa na haki tangu mwanzo.

Somo hili linaeleza sifa za kazi ya umma zinatoka wapi, ni mizozo gani huzuka mara kwa mara, mahakama zimesema nini, na hatua ambazo mwombaji anaweza kuchukua. Jambo moja ndilo la kushika: sifa iliyoandikwa kwenye tangazo huwafunga wote wawili, mwombaji na mwajiri. Anayetaka kuitetea haki yake anahitaji karatasi na anahitaji kuhesabu siku.

Sifa zinatoka wapi

Katiba ya mwaka 2010 ndiyo mwanzo. Kifungu cha 232 kinataja maadili na kanuni za utumishi wa umma, na miongoni mwake ni ushindani wa haki na ustahili kama msingi wa kuajiri na kupandisha vyeo. Kifungu hichohicho kinataka jamii mbalimbali za Kenya ziwakilishwe, na wanaume, wanawake, watu wa makabila yote na watu wenye ulemavu wapewe nafasi za kutosha na zilizo sawa. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi. Kifungu cha 235 kinaipa kila serikali ya kaunti jukumu la kuajiri wafanyakazi wake, lakini ndani ya viwango vinavyowekwa na sheria ya Bunge.

Sheria hiyo ni Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Ndiyo iliyoanzisha Bodi ya Utumishi wa Umma katika kila kaunti. Sehemu ya 65 inaitaka Bodi, inapochagua mtu, iangalie sifa zilizowekwa kwa kazi hiyo, uzoefu wake, na uadilifu wake. Inasema pia kwamba katika kupima kama uajiri ulifanywa kwa haki na uwazi, mambo makuu ni ustahili, ushindani wa haki na uwakilishi wa watu mbalimbali wa kaunti.

Sehemu ya 66 inahusu tangazo lenyewe. Bodi haiwezi kulibandika kwenye ukuta mmoja na kunyamaza. Inatakiwa kutumia njia za mawasiliano zitakazowafikia watu wengi iwezekanavyo, hasa wale ambao kwa sababu yoyote wameachwa nyuma. Na sehemu ya 68 inaitaka Bodi itunze kumbukumbu za maombi yote yaliyopokelewa. Kumbukumbu hizo ndizo zitakazoonyesha baadaye nani aliomba, alileta nini, na alipimwa kwa kipimo gani. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na haki ya kazi vilevile.

Mbali na sheria hizi, kazi nyingi za taaluma zina masharti yake. Muuguzi, tabibu, mhandisi au mwanasheria hawezi kufanya kazi kwa cheti cha chuo pekee. Ni lazima awe amesajiliwa na bodi au baraza la taaluma yake, na pale inapohitajika awe na leseni ya mwaka huo. Kaunti haina mamlaka ya kuondoa sharti hilo hata ikiwa na uhaba wa wafanyakazi.

Mizozo mitano inayojirudia

Mzozo wa kwanza ni wa maneno haya mafupi: "au sifa inayolingana nayo." Tangazo linataka diploma fulani, mwombaji analeta cheti chenye jina tofauti. Je, vinalingana? Swali hilo halijibiwi kwa macho. Kenya ina Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Masomo, uliowekwa na sheria ya mwaka 2014, ambao hupanga vyeti katika ngazi 10. Diploma iko ngazi ya 6, shahada ya kwanza ngazi ya 7, na uzamifu ngazi ya 10. Kwa wakazi wa ukanda wa ziwa waliosoma sekondari ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, cheti chao huhitaji kulinganishwa na cha Kenya, kazi ambayo imekuwa ikifanywa na Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC. Mwombaji aliyesoma nje ya nchi asisubiri tangazo ndipo atafute barua ya ulinganisho. Barua hiyo huchukua muda, na tangazo halisubiri.

Mzozo wa pili ni wa tarehe. Mwanafunzi amemaliza masomo, matokeo yametoka, lakini sherehe ya kufuzu ni mwezi ujao na cheti hakijatolewa. Siku ya mwisho ya kuomba inafika. Siku ya mahojiano cheti anacho. Je, alistahili? Jibu hutegemea tangazo lilivyoandikwa, na suala hili litarudiwa hapa chini.

Mzozo wa tatu ni wa uzoefu. Tangazo linataka uzoefu wa miaka miwili. Kijana amejitolea miaka mitatu kwenye zahanati ya mtaa bila mshahara, au amefanya kazi ya mkataba wa miezi mitatu mitatu. Kama tangazo limesema "uzoefu katika kazi inayohusiana," mwenye barua za kuthibitisha kujitolea kwake ana hoja ya kutoa. Asiye na barua ana hadithi tu. Kama tangazo limesema wazi "uzoefu wa kuajiriwa katika utumishi wa umma," hoja hiyo inakuwa nyembamba zaidi.

Mzozo wa nne ni wa vyeti vya uadilifu. Kwa miaka mingi vijana walilazimika kulipia cheti cha nidhamu njema cha polisi, barua za Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, za Mamlaka ya Ushuru, za mashirika ya rekodi za mikopo na nyinginezo, kabla hata ya kujua kama wataitwa. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022 ili kupunguza mzigo huo. Sasa mwajiri hatakiwi kumdai mtafuta kazi vyeti hivyo isipokuwa ananuia kuingia naye mkataba wa kazi wa maandishi. Masharti ya uadilifu ya Sura ya Sita ya Katiba yangali yapo. Mtu aliyepewa kazi atatakiwa kuyatimiza, na asipoyatimiza mwajiri anaweza kuondoa ahadi ya kazi. Kilichobadilika ni wakati wa kuyadai.

Mzozo wa tano ni wa asili. Wapo wanaoamini kwamba kazi za kaunti ni za wenyeji pekee. Manyatta A na Manyatta B ni mitaa ya watu wa asili nyingi. Waluo ndio wengi, na pamoja nao wanaishi Waluhya, Wakisii na wengine ambao wazazi wao walikuja kufanya kazi mjini na hawakuondoka. Sehemu ya 65 ya Sheria ya Serikali za Kaunti inasema angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuingilia kazini zijazwe na watu wasiotoka katika jamii iliyo na watu wengi zaidi katika kaunti. Kwa hiyo mwombaji wa jamii ndogo aliyetimiza sifa anaomba kwa haki yake. Hali kadhalika kwa watu wenye ulemavu: Kifungu cha 54 cha Katiba kinataka, hatua kwa hatua, angalau asilimia 5 ya wanachama wa vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu.

Ubaguzi na sharti la kweli la kazi

Si kila sharti linalomfungia mtu nje ni ubaguzi. Dereva wa ambulensi lazima awe na leseni. Mwalimu wa chekechea lazima awe amesomea kufundisha watoto. Sehemu ya 5 ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza ubaguzi wa kabila, jinsia, dini, ulemavu, ujauzito, hali ya ndoa, virusi vya HIV na mengineyo, na inamlinda pia mtu anayeomba kazi ambaye bado hajaajiriwa. Lakini inasema si ubaguzi kumtofautisha mtu kwa sababu ya sharti ambalo asili ya kazi yenyewe inalitaka, wala si ubaguzi kuchukua hatua za kuinua makundi yaliyoachwa nyuma. Na mzozo ukifika mbele ya mwamuzi, ni mwajiri anayepaswa kuonyesha kwamba hakubagua.

Mfano unaofundisha jambo hili hadi leo ulitoka Marekani. Kampuni ya umeme ya Duke Power, katika jimbo la North Carolina, ilikuwa imewafungia wafanyakazi weusi katika idara moja tu ya vibarua, iliyolipa kidogo kuliko zote. Baadaye ikaweka sharti la cheti cha sekondari, pamoja na mitihani ya akili, kwa anayetaka kuhamia idara nyingine. Wafanyakazi weusi wakashtaki. Tarehe 8 Machi 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba sharti linalowafungia nje watu wa kundi fulani haliwezi kusimama kama halina uhusiano na uwezo wa kuifanya kazi. Ushahidi uliouma ulikuwa huu: wafanyakazi weupe walioajiriwa zamani bila cheti hicho walikuwa wakiendelea kufanya kazi zilezile vizuri.

Uamuzi wa Marekani haufungi mahakama za Kenya. Swali lake, hata hivyo, ni swali ambalo mkazi yeyote anaweza kuliuliza anaposoma tangazo: sharti hili linasaidiaje kazi hii kufanyika?

Kanuni za mchezo na siku ya mwisho

Sheria ya India na ya Kenya zina mizizi katika mfumo mmoja wa kisheria, na mahakama za India zimesikiliza kesi nyingi sana za sifa za kazi za serikali. Mambo mawili yameamuliwa huko yanayofaa kujulikana.

La kwanza ni la tarehe. Mwaka 1997, katika kesi ya waombaji wa kazi za uhandisi ambao matokeo yao yalitoka baada ya siku ya mwisho ya kuomba lakini kabla ya mahojiano, Mahakama ya Juu ya India ilishikilia kwamba sifa hupimwa kufikia siku ya mwisho ya kupokea maombi. Sababu yake ni rahisi kuelewa. Huenda mamia ya watu wengine waliokuwa wakisubiri matokeo walisoma tangazo, wakajiona hawajatimiza, wakakaa kando kwa uaminifu. Kumruhusu aliyeomba kabla ya kutimiza sifa ni kuwaadhibu waliotii.

La pili ni la kubadilisha masharti. Mnamo Novemba 2024 majaji watano wa mahakama hiyohiyo waliamua kwamba masharti ya kustahiki yaliyowekwa mwanzoni mwa uajiri hayawezi kubadilishwa katikati ya safari, isipokuwa kanuni zilizopo au tangazo lenyewe linaruhusu. Ni kama mpira kwenye uwanja wa mtaa. Timu haiwezi kuambiwa dakika ya 80 kwamba mabao ya kichwa hayahesabiwi.

Kwa Bodi ya kaunti yoyote, funzo lake liko wazi. Kama tangazo lilisema diploma, haifai kuwaondoa wenye diploma kwa sababu wenye shahada wamejitokeza wengi. Waombaji wakizidi, Bodi inaweza kuchuja kwa alama, mradi kipimo ni kimoja kwa wote na kimeandikwa. Kama sifa zenyewe zilikosewa, njia safi ni kutangaza upya.

Mahakama za Kenya hutazama nini

Watu wengi huenda mahakamani wakitarajia jaji aseme, "Mpeni huyu kazi." Hilo hutokea kwa nadra. Mahakama hutazama zaidi jinsi uamuzi ulivyofanywa: je, chombo kilichoajiri kilifuata sheria, kilizingatia mambo yanayotakiwa, kiliwapa watu nafasi sawa?

Kesi ya Mumo Matemu inaonyesha mpaka huo. Aliteuliwa kuwa mwenyekiti wa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Mwezi Septemba 2012 Mahakama Kuu ilifuta uteuzi huo ikisema suala la uadilifu wake halikuchunguzwa ipasavyo. Mwezi Julai 2013 Mahakama ya Rufaa iliupindua uamuzi huo. Ilikubali kwamba mahakama zina mamlaka ya kukagua uteuzi, lakini ikasema zinapaswa kuheshimu kazi ya vyombo vilivyopewa jukumu la kuchagua, na zisijiweke mahali pao.

Pale mchakato wenyewe unapooza, mahakama hazisiti. Tarehe 14 Julai 2014 vijana walijitokeza katika viwanja kote nchini kwa ajili ya uajiri wa polisi 10,000. Malalamiko ya hongo na ukiukaji wa taratibu yalizagaa. Mamlaka Huru ya Kusimamia Polisi, IPOA, ikaenda mahakamani. Tarehe 31 Oktoba 2014 Jaji Isaac Lenaola wa Mahakama Kuu alifuta uajiri wote, na mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ikakubaliana naye. Walioumia hawakuwa waliotoa hongo peke yao. Wapo waliokimbia, wakapimwa na kuchaguliwa kwa haki, nao pia wakarudi nyumbani. Ndiyo maana kununua nafasi ni wizi dhidi ya jirani aliyestahili, na pia ni hatari kwa kila mtu aliye kwenye orodha.

Vyeti vya kughushi vina mwisho kama huo. Ukaguzi ulioongozwa na Tume ya Utumishi wa Umma, ambao matokeo yake yalitangazwa mwezi Februari 2024, ulibaini zaidi ya vyeti 2,000 vya kughushi katika taasisi za umma. Anayegunduliwa hapotezi kazi tu. Anaweza kushtakiwa kwa jinai, na serikali inaweza kumdai mishahara yote aliyopokea.

Mlango wa kwanza wa kugonga

Hapa ndipo wengi hupotea njia. Mtu aliyeachwa katika uajiri wa kaunti huona hatua ya kwanza ni kutafuta wakili na kufungua kesi. Sheria inasema vingine.

Sehemu ya 77 ya Sheria ya Serikali za Kaunti inampa mtu ambaye hakuridhika na uamuzi wa Bodi haki ya kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Inataja waziwazi kwamba Tume itasikiliza rufaa kuhusu uajiri, uchaguzi na uteuzi wa watu, na sifa zilizoambatanishwa na kazi yoyote. Rufaa hiyo iwe ya maandishi, na iwasilishwe ndani ya siku 90 tangu tarehe ya uamuzi. Tume inaweza kukubali rufaa iliyochelewa ikiona mazingira yanaruhusu, lakini huo ni upole wa Tume, hauwezi kuwa mpango wa mtu.

Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2017 iliongeza kufuli. Sehemu ya 87 inasema mtu asifungue kesi mahakamani kuhusu jambo lililo ndani ya mamlaka ya Tume ya kusikiliza rufaa za kaunti mpaka amalize njia hiyo ya rufaa. Mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ilikuwa imeshasisitiza katika kesi ya bodi ya kaunti nyingine kwamba njia ya sehemu ya 77 ifuatwe kwanza. Sheria ya Hatua za Haki za Utawala ya mwaka 2015 inaruhusu mahakama imwondolee mtu sharti la kumaliza njia za ndani katika hali zisizo za kawaida, lakini lazima aombe na aonyeshe sababu.

Zaidi ya hapo, hata swali la mahakama ipi inafaa kusikiliza lalamiko la mtu ambaye bado hajaajiriwa, Mahakama Kuu au Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, limeleta mabishano katika kesi mbalimbali. Kabla ya kutumia fedha, ni busara kupata ushauri. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 ilianzisha Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya wasioweza kumlipa wakili.

Hatua kwa hatua

Kwanza, mwombaji ahifadhi tangazo lenyewe, lote, pamoja na nambari ya nafasi na tarehe ya mwisho. Picha iliyokatwa nusu haisaidii.

Pili, ahifadhi ushahidi wa kuomba: nakala ya fomu, barua pepe ya kupokelewa, au muhuri wa mahali alipopeleka bahasha.

Tatu, akiachwa, aandikie Bodi kuomba sababu. Sheria ya Hatua za Haki za Utawala inampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi haki ya kupewa sababu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 nayo inamwezesha raia kuomba taarifa kutoka kwa ofisi ya umma, na ofisi hutakiwa kutoa uamuzi wake ndani ya siku 21. Ikinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman. Taarifa za siri za waombaji wengine zinaweza kuzuiwa, lakini kipimo kilichotumika na alama zake mwenyewe ni jambo la kuuliza.

Nne, asiache siku 90 zipite akisubiri majibu. Rufaa iandikwe kwa Tume ya Utumishi wa Umma ikieleza kwa ufupi: kazi iliyoombwa, sifa iliyotakiwa, sifa aliyo nayo, uamuzi uliotolewa na tarehe yake, sheria anayoona imevunjwa, na anachotaka kifanyike. Nakala za karatasi zote ziambatanishwe.

Tano, asiyeridhika na uamuzi wa Tume ndipo aende mahakamani, akiwa na jalada kamili.

Mifano mitatu ya kujipima

Mfano wa kwanza: tangazo linataka diploma ya afya ya umma kufikia tarehe 30. Mwombaji ana barua ya chuo, iliyoandikwa tarehe 25, ikisema amefaulu masomo yote na anasubiri kutunukiwa. Asome tangazo. Kama linasema cheti, yuko kwenye hatari ya kuondolewa. Kama linasema awe amehitimu masomo, barua hiyo ina uzito. Na kama tangazo halieleweki, aulize Bodi kwa maandishi kabla ya tarehe 30. Hapo akiomba ufafanuzi kosa linaweza kurekebishwa kwa faida ya wote.

Mfano wa pili: tangazo la karani halikutaja umri. Siku ya mahojiano mwombaji wa miaka 41 anaambiwa kwamba wanataka vijana. Sharti hilo halikuwemo. Hapa kanuni imebadilishwa njiani, na mwombaji ana hoja nzuri ya rufaa, mradi aandike siku hiyohiyo aliyoambiwa, nani alisema, na nani alisikia.

Mfano wa tatu: mwombaji alitimiza kila sifa, akahojiwa, akapata alama 68. Aliyechukuliwa alipata 74, naye pia alitimiza sifa. Hapa hakuna mzozo wa sifa. Kutimiza sifa humpa mtu haki ya kushindana na kupimwa kwa haki, lakini hakumpi kazi. Kukata rufaa kwa sababu ya uchungu tu ni kupoteza muda wake na wa Tume.

Tofauti ya mifano hii mitatu ndiyo ya kujadiliwa kwenye baraza, kanisani, msikitini na kwenye vikundi vya vijana. Mzazi anayejua kwamba mwanawe alishindwa kwa haki humsaidia ajiandae kwa tangazo linalofuata, badala ya kumtafuta dalali. Na anayejua kwamba haki ya mwanawe imevunjwa, ana tarehe ya kuanza kuhesabu siku 90 na mahali pa kupeleka barua.